Alhamisi kwa Bwana Selestine

Ushirombo,
8 Februari 1953

Mdogo wangu Kalisti,

Pokea salamu za nyumbani. Hujambo huko chini ya ardhi? Sisi tunapumua. Shemeji yako Marcel ni mzima ila mgongo, watoto wanakula na kugombana, ndiyo uzima wenyewe. Mvua ilikuja kwa fujo ikatuharibia karanga za bondeni. Za juu zinaendelea.

Nakuandikia juu ya kidonda changu. Unakijua, kile cha muundi wa kushoto. Nilikuwa nacho tangu nilipokuwa nakubeba mgongoni, na ulikuwa ukikipiga teke unapolia, nami nakufinya. Miaka yote kimefunga na kufunguka chenyewe. Nimeolewa nacho, nimezaa nacho, nimelima nacho. Lakini tangu mavuno yaliyopita kimebadilika. Kingo zimeinuka zikawa ngumu, katikati nyama imeota kama uyoga juu ya kisiki, na harufu yake inanitangulia kanisani. Hakiumi sana, ndiyo maana sikujali.

Dispensari yetu imepata dresa mpya, Bwana Selestine, mtu wa Biharamulo, kijana mrefu asiyependa maneno. Alhamisi ndiyo siku ya vidonda. Nilikwenda nikidhani atanisafisha na kunifunga kama kawaida. Akakitazama, akanyamaza, akaniambia nirudi siku atakayopita daktari Mzungu wa wilaya. Nikarudi. Daktari akakata kipande kidogo ukingoni, akakitia kwenye chupa yenye maji makali, wakaandika jina langu juu yake.

Nikauliza, "Nyama yangu inakwenda wapi?"

Bwana Selestine akasema, "Dar es Salaam."

"Kufanya nini?"

"Kutazamwa."

Nikamwambia, "Mimi mwenyewe nimekaa hapa na mguu wote ninao. Kwa nini wasinitazame mimi?"

Akacheka kidogo, kisha akaacha kucheka. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa. Wewe umekaa na Wazungu mgodini, umeona mengi. Nyama ya mtu ikisafirishwa hivyo, huwa inakwenda kufanyiwa nini?

Ni mimi dada yako,
Mektilda

*

Mgodini, Geita,
1 Machi 1953

Dada yangu Mektilda,

Shikamoo. Barua yako imenifikia nikitoka zamu, nikaisoma na matope yangu bado mkononi. Mimi mzima. Kazi yangu ni ileile ya kusimamisha magogo chini ili mwamba usitushukie.

Dada, usirudi kwa huyo dresa. Nimewasimulia wenzangu wa chumbani habari ya chupa, na hakuna hata mmoja aliyecheka. Wanasema mumiani huanza na kidogo. Leo kipande cha ukingo, kesho wanataka damu, keshokutwa mtu haonekani. Mimi sisemi ni kweli. Nasema tu kwamba sijaona hapa mgodini mtu akikatwa nyama ikatiwa posta. Mtu akiumia hufungwa bendeji akarudi kazini.

Oshea chumvi na maji ya moto kama zamani. Kidonda kilichokaa nawe miaka yote hakiwezi kugeuka adui ghafla.

Msalimu shemeji.

Mdogo wako,
Kalisti

*

Ushirombo,
29 Machi 1953

Mdogo wangu,

Marahaba. Nilikutii, Alhamisi zikapita sikwenda. Basi Bwana Selestine akaja mwenyewe kwa baisikeli. Nilimwona kutoka shambani, nikajificha nyuma ya mtama, mtu mzima mimi. Marcel akampa kiti. Akakaa. Akasema atangoja. Nikachoka kuchutama, nikatoka.

Hakunigombeza. Alifungua sanduku lake, akanisafisha kidonda palepale uani kuku wakitutazama. Nikamuuliza kama yeye ni mumiani. Marcel alitaka kuingia chini ya kiti kwa aibu. Bwana Selestine akasema, "Mama, kama ningekuwa, ningekuja na gari."

Kisha akaniambia kwamba anachohofia ni ugonjwa uitwao kansa. Nikasema sina kansa, nina kidonda. Akasema kansa inaweza kuzaliwa ndani ya kidonda kilichokaa muda mrefu. Nikauliza, kwa hiyo nina magonjwa mawili? Akafikiri, akasema, "Ni kidonda kimoja kilichogeuka." Marcel akauliza kama inaambukiza, kwa maana majirani wameanza kusema ni ukoma. Akasema haiambukizi hata kidogo, tulale kitanda kimoja, tule sahani moja.

Alipoondoka tukabaki tunatazamana. Marcel akasema, "Umeelewa?" Nikasema, "Nimeelewa kwamba nirudi Alhamisi."

Waulize huko. Kansa ni nini?

Dada yako,
Mektilda

*

Mgodini, Geita,
19 Aprili 1953

Dada yangu,

Shikamoo, na heri ya Pasaka iliyopita. Nimeuliza. Yupo mzee mmoja hapa hospitali ya kambi, anaitwa Mwinyikondo, mtu wa Pangani, anaosha vyombo vya daktari na kusoma vitabu vya Kiarabu. Akaniambia hivi: "Kansa ndiyo saratani. Na saratani maana yake ni kaa." Kengele ya zamu ikalia, nikaondoka mbio.

Basi nimefurahi, maana sasa tunajua. Ni kaa la moto lililoingia mwilini likawa linafukuta chini chini. Ndiyo maana umesema halikuumi sana. Makaa huwa na majivu juu. Kitu cha moto hupozwa. Weka mguu mtoni asubuhi na jioni, funika kwa majani mabichi na tope la baridi. Usikaribie jiko.

Mdogo wako,
Kalisti

*

Ushirombo,
14 Juni 1953

Mdogo wangu Kalisti,

Salamu. Sijui nianzie wapi.

Nilifanya ulivyosema. Mtoni asubuhi, mtoni jioni, tope, majani ya mgomba. Mguu ukavimba hadi gotini, nikashikwa na homa, nikawa naweweseka naita jina la marehemu mama. Marcel akanipeleka dispensari kwenye machela na majirani. Bwana Selestine alipofungua lile tope akasema, "Nani amekufundisha hivi?" Nikasema mdogo wangu aliye mgodini, kwa sababu kansa ni kaa la moto. Akaweka chini mkasi. "Si kaa hilo, mama. Kaa mnyama. Wa majini, mwenye gamba na makucha." Akatoka nje, akamchora kwa kijiti kwenye vumbi ili nimwone.

Nikamuuliza, "Basi huyo yumo mguuni mwangu?"

"Hayumo. Ni jina tu."

"Mnaita ugonjwa kwa jina la kitu ambacho hakimo?"

Akasema watu wa zamani ndio walioita, hata yeye hajui vizuri kwa nini. Lakini waliokuwa pale barazani walisikia nusu. Sasa kijiji chote kinajua kwamba Mektilda ana mnyama mguuni. Watoto wa jirani huja kuketi mbele yangu kutazama bendeji, wakingoja atoke.

Sindano zimeshusha homa. Sasa sikia jambo lenyewe. Jibu la chupa limerudi kutoka Dar es Salaam, na ni ile kansa. Daktari anasema nipelekwe Shinyanga nikakatwe mguu, juu ya goti. Juu ya goti, Kalisti, wakati kidonda kiko muundini. Nikauliza kwa nini wasikate kidonda peke yake. Bwana Selestine akasema mizizi yake haionekani ilipofika. Nikisema hapana, ataendelea kunisafisha kila Alhamisi wala hatanifukuza, ila hataweza kuizuia.

Marcel hasemi ndiyo wala hapana. Anachonga mpini wa jembe ambalo lina mpini.

Pale dispensari kuna wengine ambao nyama zao zilikwenda Dar es Salaam. Tunajiita watu wa chupa. Wakimaliza wa vidonda vya kawaida, Bwana Selestine hutuambia tusiondoke kwanza, mkewe hutuletea uji, tunakaa barazani. Mmoja ni Justa, mjane wa upande wa misioni, ana tatizo la ziwa. Mdomo wake ni mkali, lakini ukikaa naye unasahau.

Nijibu upesi. Nikubali au nikatae?

Dada yako,
Mektilda

*

Mgodini, Geita,
5 Julai 1953

Dada,

Shikamoo. Kwanza nisamehe kwa habari ya kaa. Mzee Mwinyikondo aliponieleza vizuri nilitamani ardhi inimeze, na humu kwetu humeza kweli.

Umeniuliza ukubali au ukatae. Nimeandika barua ya kukuambia ukubali, nikaichana. Nikaandika ya kukuambia ukatae, nikaichana pia. Hapa nimeona watu waliokatwa mguu baada ya mwamba kuwaangukia. Wengine wapo, wanauza sigara langoni, wanacheka. Wengine hawakurudi kutoka hospitali. Lakini hao mguu wao ulikuwa umesagika, kila mtu aliona. Wako una vidole vyote, unatembea nao. Mguu unaotembea unakatwaje?

Usifanye neno lolote mpaka nije. Mashimo ya chini yamejaa maji na hawatoi ruhusa sasa. Mwezi wa tisa nitakuja, tukae pamoja mimi, wewe na shemeji, tuamue kama watu.

Ningoje.

Mdogo wako,
Kalisti

*

Shinyanga, Hospitali,
20 Septemba 1953

Mdogo wangu mpendwa,

Hujambo? Mimi nipo. Neno hilo ndilo ninaloweza kuapa kwalo.

Sikukungoja. Usinikasirikie kabla hujasoma mpaka mwisho.

Alhamisi moja ya mwezi wa nane nilikuwa barazani, nikiwaambia wenzangu kwamba mdogo wangu anakuja mwezi wa tisa na hapo ndipo tutajua la kufanya. Justa akauliza, "Mdogo wako ni daktari?" Nikasema anasimamisha magogo mgodini. Akasema, "Mwanamume wa magogo akija, mguu utapungua kansa?" Nikakasirika, nikamwambia yeye hajui, kwa kuwa hakuna aliyemwambia akatwe.

Justa akainuka, akanishika mkono, akaniingiza ndani Bwana Selestine anakofungia bendeji. Akafungua kanga. Sitakuandikia nilichokiona, wewe ni mwanamume na mimi ni dada yako. Alificha uvimbe ule chini ya nguo misimu miwili kwa haya. Sasa umeshika kifua na kwapa. Akaniambia bila kupandisha sauti, "Mimi sina pa kukatwa tena, Mektilda. Ningekuwa napo ningekwenda leo kwa miguu. Wewe unapo, na umekaa hapa unangoja barua."

Nilirudi nyumbani nikamwambia Marcel. Akaweka chini ule mpini. Akasema, "Nilikuwa nangoja useme wewe, isije ikawa mimi ndiye niliyekukata."

Watoto tuliwapeleka kwa bibi yao Bukombe. Bwana Selestine alituombea nafasi kwenye lori la mapadri, na yeye mwenyewe akapanda nasi mpaka Kahama, kwa sababu nilikuwa natetemeka. Njiani alinieleza yote: watanilaza, nitavuta hewa yenye harufu tamu, nitaamka mguu haupo. Ikawa hivyo. Hakunidanganya hata neno moja. Ila nilipoamka nilitazama shuka, upande mmoja umeinuka na upande mmoja umelala, nikawaza huyu aliyelala nusu hapa ni nani.

Bado nipo hapa. Siwezi kukuambia zaidi, kichwa kinazunguka.

Dada yako,
Mektilda

*

Mgodini, Geita,
4 Oktoba 1953

Dada Mektilda,

Shikamoo, shikamoo tena. Barua yako nimeishika kwa mikono miwili mpaka wenzangu wakaninyang'anya ili wanisomee.

Mimi nilikuja, dada. Nilipata ruhusa mwanzo wa mwezi wa tisa kama nilivyoahidi. Nilifika nikakuta nyumba imefungwa, hakuna mtoto, hakuna kuku. Nikamuuliza mama mmoja kisimani, akasema, "Walimchukua kwenda kukatwa." Nikaenda mbele, mzee mmoja akasema, "Yule wa mnyama? Amekwisha, kaka." Nikakimbia dispensari, imefungwa, dresa amekwenda Kahama kuchukua dawa. Nilikaa kwenye ngazi pale mpaka siku zangu za ruhusa zikawa hazinitoshi kufika Shinyanga na kurudi, na sikujua kama naifuata hospitali au kaburi.

Nilirudi Geita, nikanyoa nywele. Wenzangu walinikalia matanga, Wakristo na Waislamu, Mzee Mwinyikondo akakuombea dua ndefu. Tulikula wali wako, dada.

Sasa nywele hazijaota bado na wewe unaniandikia kwamba upo. Watu hapa hawajui kama wanipe pole au hongera. Nami sijui. Nafurahi mpaka naona kizunguzungu, halafu nakasirika, halafu nakumbuka mguu.

Nataka kuuliza mawili. Kwanza, umepona? Pili, mguu wenyewe uko wapi? Nauliza kama ndugu. Mtu wa ukoo wetu hazikwi sehemu mbili, na kama Wazungu wameutupa nijue.

Mdogo wako,
Kalisti

*

Ushirombo,
17 Januari 1954

Mdogo wangu Kalisti,

Heri ya mwaka mpya. Nimerudi nyumbani tangu kabla ya Noeli. Natembea kwa magongo mawili aliyochonga Marcel, na kuku wananiogopa. Habari ya kuliliwa kwangu nikiwa hai nimeisimulia barazani na Justa akataka kujua kama wali ulikuwa na nyama.

Nianze na mguu. Marcel aliwaomba pale hospitali Shinyanga wakampa, umefungwa kwenye shuka kuukuu. Akaenda stendi. Dereva akauliza ni mzigo gani, na Marcel hajui kudanganya. Hakuna aliyekubali kumpakia. Basi akatembea nao mpaka Ibadakuli, akamkuta mtu analima viazi, Msukuma anaitwa Mageni. "Mwangaluka," akamwamkia, kisha akaomba mahali pa kuzika.

"Unazika nani?"

"Mguu wa mke wangu."

"Na mke?"

"Yupo hospitali, anakunywa uji."

Mageni akaegemea jembe akafikiri. Akasema, "Basi zika pale penye mkonge, ng'ombe hawapiti." Akamsaidia kuchimba. Marcel akasali Salamu Maria moja, akasita, hakujua kama mguu husaliwa. Mageni akamwambia, "Malizia tu." Kwa hiyo hawakuutupa. Kama nimezikwa sehemu mbili, hiyo ya pili bado inakuandikia barua.

Tena haujajua kwamba umezikwa. Vidole vinaniwasha, Kalisti. Vidole ambavyo havipo. Niliona aibu kusema, nikidhani nimepotewa na akili. Mwishowe nikamnong'oneza Bwana Selestine. Akasema amesikia wengine wakisema hivyo, wala si wazimu, lakini kwa nini inakuwa hivyo hajui. Justa akasikia. Akainama, akaanza kukuna mkeka mahali ambapo mguu ungekuwapo, na nakuapia nilipata nafuu. Tulicheka mpaka mke wa Bwana Selestine akaja kutazama ni nini. Baadaye Justa alishika kifua kwa maumivu ya kucheka, tukaacha.

Sasa swali lako la kwanza. Umeuliza nimepona. Nami nimeuliza. Kovu limefunga vizuri. Lakini kwenye kinena upande huohuo umetokea mtoki, mgumu kiasi cha punje ya karanga. Bwana Selestine aliushika akanyamaza kama siku ile ya kwanza. Nikamwambia, "Safari hii usininyamazie." Akasema, "Mama Mektilda, unaweza kuwa mtoki wa uchafu wa kidonda cha zamani, utakwenda wenyewe. Unaweza kuwa ni ile kansa imehamia. Daktari anasema tungoje tuone. Sijui, nami sipendi kutojua kama wewe usivyopenda."

Kwa hiyo nimepona au sijapona. Chagua lolote ulitakalo, hata mimi hubadilisha kutwa.

Dada yako,
Mektilda

*

Mgodini, Geita,
14 Februari 1954

Dada,

Shikamoo. Nashukuru kwa habari ya Mageni, imenipa usingizi.

Lakini nieleze jambo hili, maana nalizungusha kichwani. Kidonda kimefunga. Hakuna cha kusafisha. Mtoki dresa anaungoja tu, na dawa ya Justa hana. Basi kila Alhamisi unatembea kwa magongo njia yote ile kufuata nini? Uji unaweza kupikwa nyumbani. Ninaogopa kwamba huyo bwana anakushikilia kwa matumaini asiyokuwa nayo.

Mdogo wako,
Kalisti

*

Ushirombo,
25 Aprili 1954

Mdogo wangu,

Justa amefariki. Tumemzika Jumatatu baada ya Pasaka.

Umeuliza nafuata nini, na sikukujibu kwa sababu jibu sikuwa nalo. Kila nilipojaribu kuliandika lilikuwa dogo kuliko safari. Nikuambie tu ilivyokuwa.

Tangu mwanzo wa Kwaresima Justa hakuweza kuja. Alhamisi ya kwanza kiti chake kilikuwa kitupu, na sote tulitazama mahali pengine. Bwana Selestine alipomaliza vidonda akafunga mlango, akapakia sanduku na sufuria ya uji kwenye baisikeli, akasema, "Twendeni." Tukamfuata sisi watu wa chupa, mzee Kamili wa taya, mwanamke mmoja wa shingo, na mimi nyuma na magongo yangu. Tukafanya Alhamisi uani kwa Justa. Alimsafisha, akampa kidonge cha kutuliza maumivu kidogo, kisha tukakaa. Tulizungumza habari za mbegu. Ikawa hivyo kila wiki.

Siku moja Justa akaniambia, "Tangu nilipopata ugonjwa huu watu wakija hunitazama kama wananiaga. Ninyi mnakuja kuniuliza kama nimekula." Mara ya mwisho hakusema kitu. Nilimshika mguu tu. Ulikuwa wa baridi, nikausugua.

Mimi sina elimu ya kukufafanulia. Nikienda Alhamisi nikiwa mnyama wa kutazamwa na watoto, hurudi mtu. Bwana Selestine hajanipa tumaini lolote ambalo yeye hana. Lake ni dogo, na hulifungua mbele yetu tukaliona.

Usiniulize tena kwa barua. Njoo uone.

Dada yako,
Mektilda

*

Mgodini, Geita,
11 Julai 1954

Dada yangu,

Shikamoo. Nimefika salama, lori liliharibika Katoro tukalala hapo. Mpe pole shemeji kwa kazi ya kunisindikiza.

Nakuandikia niliyoshindwa kusema nikiwa hapo. Nilipokuona unakuja kunipokea, upande mmoja wa kanga unapeperuka, nilitaka kugeuka nirudi. Uliona nilivyoinama kufunga kamba ya kiatu. Haikuwa imefunguka.

Alhamisi ile nilikaa barazani nikiwa na maneno yangu tayari ya kumwambia dresa. Nikangoja nione tiba. Mzee Kamili akalalamika kuhusu mkwewe. Yule mama wa shingo akalia kidogo, mkampa uji, akanyamaza. Wewe ukamwambia mwanamume mgeni, aliyeambiwa juzi tu kwamba ana kansa na macho yake yalikuwa kama ya mbuzi sokoni, kwamba asiende nyumbani kwanza. Hakuna lingine lililofanyika. Nilichanganyikiwa kuliko nilivyokuja.

Nikamfuata Bwana Selestine nyuma ya jengo akichemsha mikasi. Nikamuuliza, "Dada yangu atapona?" Akasema, "Mtoki haujakua. Zaidi ya hapo nitakuwa naongeza chumvi." Nikamuuliza hiki kikao alijifunza shule gani. Akasema hakukifundishwa. Aliona tu kwamba mtu akishaambiwa jina la ugonjwa huu, Alhamisi inayofuata haji, na ile nyingine haji, halafu yeye dresa anasikia kengele ya msiba kanisani. Akaanza kuwaomba wakae kidogo kabla ya kwenda. Hata yeye hajui kama inasaidia. Alisema hivyo na mvuke usoni, nikashindwa kumtolea maneno yangu.

Hapa Mzee Mwinyikondo ameniuliza, "Dada amepona?" Nikamwambia kwamba amekonda, anacheka sana, na alinifinya.

Mdogo wako,
Kalisti

*

Ushirombo,
19 Desemba 1954

Mdogo wangu Kalisti,

Marahaba, na salamu za Noeli toka kwetu sote. Niliacha kuandika kwa muda kwa sababu ya kilimo, na kwa sababu nilikuwa naogopa kuandika hili lisije likabadilika.

Bwana Selestine hauoni mtoki. Tangu mwezi wa kumi ulianza kulainika, mwezi wa kumi na moja akawa anautafuta kwa kidole kama mtu aliyeangusha sindano, na Alhamisi iliyopita aliutafuta mpaka nikamwambia ananitekenya. Daktari wa wilaya naye akapita, akaminya, akatikisa kichwa kwa namna ya kuridhika. Nikauliza umekwenda wapi. Hawajui. Nikauliza kama hautarudi. Bwana Selestine akasema niendelee kuja wanitazame kila mwezi kwa miaka, lakini leo haupo. Leo haupo, Kalisti. Marcel aliniuliza mara ngapi sijui, "Alisema haupo, au alisema hauonekani?" Nikamwambia anyamaze ale.

Sijui kwa nini wangu umekwenda na wa Justa haukwenda. Nililia kwa hilo kanisani na watu wakadhani ni shukrani.

Habari nyingine ni shamba. Mwaka huu nilikataa kukaa uani kama kikapu. Nimepanda karanga za juu mwenyewe, nimepiga goti moja chini, gongo moja pembeni, nikijiburuza na jembe la mpini mfupi. Shemeji yako alisimama mpakani akatazama mistari yangu, akasema imepinda hata nyoka angepotea. Imepinda kweli.

Zimeota.

Dada yako,
Mektilda